Maiki Ilinasa Chumba Kizima

Siku hizi marehemu huruhusiwa kuongea na wanawe kwenye kompyuta mpaka arobaini, kisha sauti inafutwa. Kazi ya kumrekodi mama aliachiwa Mwanahawa. Leo ni arobaini na mama ameshafutwa; baada ya kisomo, ndugu wamekaa kusikiliza rekodi, na mama anasikika kama yuko ndani ya pipa.

"Dada, ulirekodi kwa maiki?" Shomari, mdogo wake, akauliza. "Sauti inachukuliwa humo humo kwenye kompyuta. Maiki imenasa chumba kizima. Ngoja niisafishe."

"Iache tu, Shomari. Inatosha."

Akaisafisha. Mama akaita, "Mwanahawa, bado upo?"

Kisha ikasikika sauti ya Mwanahawa akimnong'oneza mtu kwenye simu: "Nimemwacha aongee mwenyewe. Kesho wanamfuta, nitapumzika."

"Haya, mwanangu," mama akaitikia. "Pumzika."