Swichi Chini ya Kiti

Pikipiki ilizima pale pale ambapo dereva wake hakutaka izime: kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto, ambako hakuna nyumba wala kibanda cha soda.

Taa, honi, stata, vyote kimya. Yule dereva wa bodaboda, ambaye wenzake kijiweni humwita Mpole kwa sababu hajawahi kugombana hata na abiria mlevi, aliisukuma hadi kando ya barabara. Mahali hapa ndipo rafiki yake alipokutwa juzijuzi, kichwa kimepasuliwa na pikipiki haipo.

"Na nimetoka kuifanyia sevisi sasa hivi, jamani!" akalalamika, kama vile kuna wa kumsikiliza.

Kusema kweli, tangu atoke karakana ya wakala wa pikipiki, umeme wake ulikuwa na vituko. Alipofika kuichukua, mafundi walikuwa wamekwenda kula. Mlinzi akamwonyesha kwa kidevu safu ya pikipiki nyekundu pale nje, zote zimeoshwa zinang'aa, akarudi kwenye redio yake. Ufunguo wake wa akiba, maana ule mwingine aliwaachia mafundi, uligoma kidogo. Akautikisa, ukazunguka. Njiani honi ikatoa sauti nyembamba asiyoijua, na mshale wa mafuta ukaonyesha tenki limejaa wakati aliiacha na robo. Hata stika ya kipepeo aliyoibandika binti yake kwenye tenki walikuwa wameisugua mpaka ikatoka. Mafundi gani hawa?

Akafungua kifuniko cha pembeni. Fyuzi nzima. Nyaya za betri zimekaza. Akapiga simu karakana. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Dada wa mapokezi naye, bila shaka, alikuwa anakula.

Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya Mwenyekiti wa kijiwe siku walipomzika rafiki yao.

"Hawa wezi wana watu wao huko gereji," Mwenyekiti alisema, macho mekundu. "Unapeleka pikipiki nzima, wanakuchomekea kidude, inakuzimikia porini. Wao wanakuja nyuma, wanachukua. Safari hii tukimpata mmoja, polisi watamkuta amekwisha."

Wote waliitikia. Mpole pia aliitikia.

Akageuka kutazama alikotoka.

Bajaji ilikuwa inashuka mteremko kama imekatika breki. Ndani yake bwana mnene mwenye shati jeupe alikuwa ametoa nusu ya mwili nje, anapunga mkono, anapayuka.

"Ile pale! Wewe! Usiondoke hapo!"

Mpole akampigia Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, wamenipata! Hapa kwenye kokoto! Pikipiki imezima, wanakuja!"

"Kimbia, mdogo wangu. Achana na pikipiki, okoa roho yako. Tuko hapo chini kituo cha mafuta, tunakuja."

Akakimbia. Hata ufunguo hakuukumbuka. Alijitupa nyuma ya lundo la kokoto, akalala kifudifudi, akamwomba Mungu binti yake asilelewe na mtu mwingine. Alisikia bajaji ikifunga breki. Alisikia viatu kwenye changarawe. Akasubiri vije upande wake, havikuja. Akainua kichwa kidogo, jicho moja tu.

Bwana mnene alikuwa amesimama mbele ya pikipiki, anahema. Akaizunguka, akalipapasa tenki. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti, bila kutafuta, akabonyeza kitu. Akawasha.

Taa zikawaka zote. Injini ikanguruma.

Kumbe ni kweli! Kidude kipo, na aliyekiweka ndiye huyu.

Bodaboda za kijiweni zikafika kwa kishindo, watu wawili wawili, baadhi wameshika nondo. Dereva wa bajaji aliwatazama mara moja tu, akageuza, akatokomea. Mpole akaibuka kutoka nyuma ya lundo, na hofu yote ikamtoka kwa mkupuo.

"Ndiye huyo! Nimemwona kwa macho yangu! Ana swichi chini ya kiti!"

Mwenyekiti akaingiza mkono chini ya kiti. Injini ikazima. Akabonyeza tena, akawasha, ikanguruma. Akawatazama wenzake.

"Ndugu zangu, hebu nisikili..." bwana mnene alianza, na kofi likamkatisha. Akamezwa na migongo. Kilichoonekana ni nondo tu, zinapanda na kushuka.

Mpole hakusogea. Pumzi ilikuwa imemrudia. Yuko hai. Jioni atamwona binti yake. Alitamani kulia, akacheka.

Simu ikaita mfukoni. Kelele kule kwenye pikipiki zilikuwa zimepungua, kwa hiyo alisikia vizuri.

"Samahani kaka, tulikuwa tunakula," alisema dada wa mapokezi kwa uchangamfu. "Naona umetupigia sana. Usijali, pikipiki yako iko tayari, ile yenye kipepeo kwenye tenki. Tumeiingiza ndani isipigwe na jua. Ila ukija usipite njia ya kokoto, leo kuna vurugu. Mteja wetu mmoja ameibiwa yake hapa nje sasa hivi tu, amepanda bajaji anaifuata huko, maana aliiwekea swichi ya kuzuia wezi, usipoibonyeza inakuzimikia njiani. Bwana mmoja mnene, shati jeupe. Ukimkuta, kaka, tafadhali msaidie."