Maneno Matano ya Lemuel

Jiwe la kaburi la Lemuel Gaddy lilikuwa na nafasi ya maneno matano tu, na sebule nzima ilikuwa ikiyagombania. Walikuwa wametoka kumzika mchana uleule. Sahani za kuku wa kukaanga zilipita juu ya vichwa, viti vilikuwa vimeazimwa kanisani, na bado watu walijaa hadi kwenye ngazi.

"Alimwangusha Rais," alisema Ernestine, dada wa marehemu. "Mawili hayo. Matatu mtamwekea Yesu."

Watu wakacheka huku wakijifuta macho. Shemasi Purvis akanung'unika kwamba makaburi ya kanisa si mahali pa majigambo.

Verdell, mjane, alikaa dirishani, aproni juu ya gauni jeusi. Wote walimsubiri yeye, maana mchonga mawe alitaka jibu kabla ya jioni.

Hakuna aliyehitaji kusimuliwa kisa, lakini Ernestine hakuacha kukisimulia. Jinsi kaka yake, mlinzi wa usiku wa jengo la ofisi, kijana wa miaka ishirini na minne, alivyokuta utepe wa gundi umebandikwa juu ya ulimi wa kitasa cha mlango wa chini kwenye maegesho, ili usijifunge. Akadhani mafundi wamesahau. Akaubandua, akaenda zake kunywa kahawa. Kurudi, akakuta utepe mwingine, palepale, na safari hii ncha yake imekunjwa vizuri kama kona ya shuka. Dharau hiyo ndiyo iliyomchoma. Mwizi gani huyo mwenye nafasi ya kukunja ncha? Akawapigia simu polisi. Huko ghorofani, ndani ya ofisi za chama cha upinzani, wakanaswa wanaume watano na vinasa sauti vyao. Miaka miwili baadaye Rais akafungasha virago.

Lemuel alikuwa ameshafungasha vyake zamani. Aliomba nyongeza, akanyimwa, akaacha kazi kwa hasira. Na kila mlango aliobisha Washington, jina lake lilikuwa limetangulia na nafasi ya kazi imekwisha. Nani amwajiri mtu aliyegusa wakubwa? Aliyelisha nyumba ni Verdell, kwa ndoo na fagio, katika jengo lilelile la utepe, walikofahamiana yeye msafishaji wa usiku, Lemuel mlinzi. Lemuel akabaki na kisa chake. Alikisimulia kwa kinyozi, alikisimulia baa, na wiki iliyopita, hospitalini, alimsimulia muuguzi aliyekuja kumbadilishia shuka.

Muuguzi alipotoka, alimgeukia mkewe. "Ule utepe wa kwanza nilikuwa mjinga, Dell. Wa pili ndio ulionifanya mtu. Bila huo ningekufa bila kitu."

Verdell alimnyooshea mto, akasema, "Najua, mpenzi."

Sasa Ernestine aliinama mbele yake, sauti imeshuka. "Wifi, sisi tunapiga kelele tu. Wewe ndiye uliyeishi naye. Sema."

Verdell akafungua mdomo. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye picha iliyokatwa gazetini: Lemuel ndani ya sare ya ulinzi, kifua mbele, anacheka kama mtu aliyeahidiwa dunia. Akaufunga mdomo. Kisha akaufungua tena.

"Andikeni: Aliona utepe mara ya pili."

Ernestine akahesabu kwa vidole. Yalitimia matano. Hata shemasi akasema amina.

Verdell akajinyanyua, akaingia jikoni peke yake. Taka zilikuwa zimejaza mifuko miwili mikubwa, na ule mlango wa uchochoroni hujifunga wenyewe ukiuachia. Akatoa utepe wa gundi kwenye mfuko wa aproni, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya ulimi wa kitasa.

Kisha akaikunja ncha, vizuri, kama alivyozoea kazini tangu usichana wake, ili isimsumbue kubandua akirudi.