Sakafu Isiyong'aa

Sithabile alikuwa amepiga magoti barazani, akikwangua polishi nyekundu kwa waya wa kusugulia masufuria. Alimwaga mafuta ya taa, akasugua, akapangusa, akarudi nyuma kwa magoti kama anavyorudi mtu anayepaka, ila yeye alikuwa anaondoa. Nyuma yake nyekundu, mbele yake saruji ya kijivu yenye mikwaruzo. Sakafu mbaya. Ndivyo alivyotaka iwe.

Alirudi nyuma tena, na unyayo wake ukapapasa hewa.

"Ngazi!" mama yake, MaNcube, alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. Kisha akaufunika mdomo kwa mkono, kama aliyetoa siri ya mtu.

"Nimeziona, Mama."

Jirani yao, NakaDumi, alikuwa ameegemea ua, akitazama. Akasema nyumba ya MaNcube sasa imekuwa kilabu cha pombe, kilichobaki ni walevi. Katika mtaa ule wa Bulawayo mwanamke hupimwa kwa baraza lake. Likififia, watu huuliza nani kafa.

"Na lile kopo lako la polishi bado nalitumia, mwalimu," aliongeza. "Nililiokota hapo ngazini siku mliyompeleka mama hospitali. Halina kifuniko, nalifunika kwa sahani."

Sithabile alimwambia akae nalo. Hakutaka kuliona. Kumbe hata kuliondoa njiani hakuliondoa.

Safari ile, kabla ya hospitali, alikuwa amekuja nyumbani kwa mwisho wa wiki mmoja tu. Wanawake wa chama cha kuzikana walikuwa wanakutana kwa MaNcube Jumapili, kwa hiyo Jumamosi alipaka baraza lote na ngazi zake. Mama yake alipitisha kidole sakafuni akakitazama. "Umepaka kama unayempaka mafuta mtoto anayekimbia," alisema. Sithabile alicheka, akaenda kulala, akalala sana. Alipoamka alimkuta mama yake chini ya ngazi, chali, macho juu, nyonga imevunjika.

"Nimeteleza," MaNcube alisema. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomla Sithabile. Aliyelaumu ni kaka yake, Bheki, kwa simu kutoka Johannesburg: aliyepaka ndiye atakayemtunza.

Basi alibaki. Alitafuta fundi akaunga mabomba ya maji kuwa vishikio, kutoka mlango wa nyuma mpaka choo cha uani. Mazulia yote aliyatupa. Alitoboa kiti cha plastiki kikawa cha chooni, akafunga kengele ya baiskeli kando ya mto wa mama yake. Kila alichokitengeneza alikijaribu mwenyewe kwanza, akiburuta mguu mmoja, na kila alipouburuta alijiona tena amesimama juu ya zile ngazi.

Shule yake kule Plumtree ilikuwa imemwekea nafasi, tena ya naibu mwalimu mkuu, lakini mwisho wa kujibu kwa simu ulikuwa Ijumaa, na leo ndiyo Ijumaa. Binamu yake Nothando, mjane asiye na shughuli nyingi, alikuwa amekubali kuhamia pale. Sithabile alipomweleza mama yake pale barazani, MaNcube alisema Nothando ni mtu mzuri na mkono wake wa kupika ni mwepesi. Kisha akautazama mguu wake mwenyewe.

"Nenda tu, mwanangu. Nikianguka nitalala hapo hapo mpaka mtu apite."

Sithabile aliondoka, lakini hakwenda mbali. Aliingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, akapiga simu.

Mwalimu mkuu alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mwenzake aliyeiomba nafasi hiyo alikuwa amekaa ofisini pale pale, na akipewa amepewa.

"Mpe," Sithabile alisema. "Mimi ndiye niliyemwangusha mama yangu. Siwezi kumwacha."

Aliiweka simu juu ya kitanda. Hakulia. Alitafuta kazi ya kushika, na kazi ilikuwepo: chini ya kitanda kulikuwa na sanduku ambalo kona yake ilitokeza, na fimbo ya mama yake ilikuwa ikiligonga kila asubuhi. Siku moja lingemwangusha. Alilivuta. Lilikuwa zito, akalifungua ili apunguze vitu.

Juu ya blanketi kulikuwa na mfuko wa plastiki wa hospitali, umefungwa mafundo mawili. Ndani yake alilikuta gauni la bluu la nyumbani, lile alilolivaa mama yake siku ya kuanguka. MaNcube alikuwa amesema limepotea wodini, na Sithabile alikuwa amekwenda kugombana na manesi kwa ajili yake.

Alilikunjua ili alitie kwenye nguo za kufua.

Mgongoni lilikuwa na vumbi la uani. Mbele, usawa wa magoti, kulikuwa na maduara mawili mekundu, sawasawa na yale aliyoyapata yeye leo kwa kupiga magoti barazani, yamekolea mpaka kitambaa kimekuwa kigumu. Kitu fulani kilikuwa kizito mfukoni. Aliingiza mkono akatoa kifuniko cha kopo la polishi.

Kutoka barazani, sauti ya mama yake ilikuja polepole, kama ya mtu aliyeifanyia mazoezi.

"Sithabile. Ile simu usiipige kwanza, mwanangu. Njoo ukae hapa, kuna jambo nataka kukwambia."