Baba wa Nta

Zama hizo, mtu akienda kufanya kazi ng'ambo, sheria ilimtaka aache sanamu yake ya nta sebuleni, itazame televisheni na familia, wanawe wasimsahau.

Makame alirudi bila taarifa, kichwa kimejaa mvi. Akapiga hodi, akaingia. Alimkuta bintiye akiibusu mkono ile sanamu.

“Shikamoo,” binti alimwamkia kwa adabu. “Karibu, baba yupo.”

Makame akamgeukia mkewe. “Hebu mwambie mimi ni nani!”

Mkewe alimtambua, machozi yalimlengalenga. Lakini alimtandikia mkeka karibu na mlango, akamnong'oneza, “Sema polepole, mume wangu. Hapendi kelele wakati wa taarifa ya habari.”

Makame akaangua kicheko.

Sauti ya televisheni ikapanda. Rimoti ilikuwa chini ya kidole cha nta.