Mvua ya Pango

Mvua inayonyesha kijijini kwetu ni mali ya pango lililo chini yetu. Hupenya ardhini, huyeyusha chokaa, hudondoka na kujenga mawe yanayoning'inia, ambayo watalii huyapigia makofi kana kwamba yanasikia. Kukinga hata kikombe ni kosa.

Bwana Semboja, mkaguzi wa mvua, alinikuta nikimwogesha mwanangu wa siku nne.

"Dada, hayo maji ya mvua?"

Niliinama. Mama mkwe akamjibu, "Ya mgao yamekwisha. Tumwogeshe kwa mate yako?"

"Jiwe limekosa tone leo."

"Masikini! Lina miaka laki moja, na bado linanyonya?"

Hakucheka. Alimwaga beseni nje, akamtazama mtoto.

"Huyu bado amelowa."

Akatoa kitambaa, akamfuta mpaka vidoleni, akakikamua juu ya udongo.