Kabla Kidole Hakijagusa Karatasi

Kidole gumba cha mama mzee kilikuwa kimeshapakwa wino, kinateremka kwenye hati ya kiapo, Akol, mpiga chapa, alipomdaka mkono.

Katika ofisi ile ya mawakili pale Malaba, mpiga chapa hakuwahi kumkosoa wakili mbele ya mteja. Lakini mama alikuwa ameitikia kila kitu kwa Kiswahili cha kubahatisha, na alichonong'ona sasa kwa Kiteso, Akol peke yake ndiye aliyekielewa.

"Samahani, wakili," alisema. "Tumeandika alihama shambani kwa hiari yake. Anasema shemeji yake alimfukuza."

Wakili alikitazama kile kidole cheusi juu ya karatasi. Akol alishaanza kuwaza atawaambia nini watu wa nyumbani akifukuzwa kazi.

Wakili aliichukua hati, akaichana katikati. Kisha akainuka, akakisukuma kiti chake cha ngozi hadi kando ya mama.

"Keti hapa, dada," akamwambia Akol. "Mwambie mama aanze upya, asiharakishe. Mimi nitachapa."

Akaenda kwenye meza ya Akol, akaanza kutafuta herufi ya kwanza kwa kidole kimoja.