Mguu wa Kutanguliza

"Wifi, usitoke mpaka gari liondoke," alisema Bi Time, shangazi wa bi harusi, huku akimsukuma Mwanakombo nyuma ya mlango. "Bi harusi akikutana na mwenye chongo anapotoka, huo ni mkosi."

Mwanakombo alikuwa na jicho moja tangu utotoni. Majirani wakimkuta njiani asubuhi walirudi nyumbani kuianza safari upya, naye alishazoea kujificha ili watu wapite. Lakini leo anayetoka ni Zuena, binti yake wa kumzaa.

"Mguu wa kulia, mwanangu," Bi Time alimwelekeza Zuena kizingitini. "Usije ukatanguliza wa kushoto ukatuharibia safari."

Mwanakombo alichoka. Aliusukuma mlango, akawapita wote, akafungua gari la bi harusi na kukaa kiti cha mbele.

"Mkosi ni kukutana nami njiani, sivyo?" alifoka. "Basi tunakwenda wote. Hatutakutana!"

Vigelegele vilikatika. Bi Time alijishika kichwa. Pale kizingitini, Zuena alimtazama mama yake, akaurudisha ndani mguu wa kulia aliokwisha kuuinua, akatanguliza wa kushoto.